Anko wa Deki: maswali yenu ya udijei, zamu hii ni house, techno na ndugu zake

Toleo lililopita niliwaambia mnitumie maswali ya udijei wa muziki wa elektroniki nikadhani ntapata mawili matatu, kumbe nyie watu mna deki vichwani. Yaliyojirudia nimeyaunganisha, majina nimeyaacha, na wale mnaouliza "Anko kontrola gani nzuri" (kontrola ni kile kimeza cha vitufe na sahani mbili za kuzungusha kinachoendesha programu ya udijei) bila kusema mna shilingi ngapi wala mnapiga muziki gani, nyie subirini kwanza.

SWALI: Shikamoo Anko. Nipo Mbagala, nina laptopu ya Windows ya kawaida tu, RAM 4, na subwoofer ya geto. Napenda afro house na deep house ila kontrola sina na sioni nikiipata leo wala kesho. Washkaji wanasema bila vifaa nisijisumbue. Naomba ushauri wako.

ANKO: Marahaba mwanangu. Washkaji wako wanapiga domo tu. Hiyo laptopu inatosha kuanzia, we danlodi programu inaitwa Mixxx, ina x tatu, ni ya bure kabisa sio ile bure ya siku 14 afu inaanza kukudai hela, inakubali Windows, Mac na Linux, inasoma BPM ya wimbo (biti ngapi kwa dakika, yani spidi) yenyewe, inarekodi, na unaiendesha kwa kibodi hiyo hiyo uliyonayo. RAM 4 itavumilia mradi ufunge brauza na ule utitiri wako wa tabu kabla hujaanza, maana sauti ikianza kukatikakatika watu wanailaumu programu wakati wao ndo wameacha mechi inacheza YouTube.

Shida utakayokutana nayo, na wengi hawaambiwi mapema, ni kwamba laptopu ina tundu moja la hedifoni wakati DJ anahitaji njia mbili za sauti, moja inaenda kwenye spika watu wanasikia, nyingine inaenda masikioni mwako peke yako unauandaa wimbo unaofuata kabla hujauachia. Bila hiyo unapiga kipofu. Nunua kadi ya sauti ya USB, kale kadude ka saizi ya flashi kenye matundu mawili la earphone na la maiki, Kariakoo tele na bei haiumizi, chomeka hedifoni huko, subwoofer ibaki kwenye laptopu, afu kwenye mipangilio ya Mixxx unaiambia Main itokee huku na Headphones zitokee kule. Kwisha. Ila spika ya bluetooth usiiguse kwenye mambo haya, sauti yake inachelewa, kidole kinabonyeza sasa hivi mlio unatoka baadae, utajiona huwezi kumbe ni spika.

Hela ikija, za kuanzia zipo, Numark Party Mix, Hercules Inpulse, na ile DDJ-FLX4 ambayo ilipotoka bei yake Marekani ilikuwa kama dola 300, huku ongeza ya usafiri na ya tamaa ya muuzaji. Ukinunua ya mkononi kwa mtu usilipe kabla hujasogeza fada (vile vitelezi vya sauti) moja moja taratibu wimbo ukiwa unapigwa, usikie kama kuna mkwaruzo au sauti inapotea katikati, na uzungushe sahani zote mbili uone kama zinaitika sawa. Na nyimbo, usijaze elfu tatu. Chukua 20 uzijue mpaka ukiamshwa usingizini unasema besi inaingia wapi.

SWALI: Salaam aleikum Anko. Mie niko Kisauni, Mombasa, nina kontrola yangu miezi kadhaa sasa. Namba zinalingana, 124 huku 124 kule, lakini nikichanganya nyimbo mbili zasikika kama watu wawili watwanga kinu kimoja na wamegombana. Kakangu asema sina sikio. Nakosea wapi?

ANKO: Waaleikum salaam binti yangu, sikio unalo, usingekuwa nalo usingesikia hao watwangaji. BPM kulingana ni robo tu ya kazi. Hizo nyimbo zako zinakimbia spidi moja lakini kila moja iko sehemu yake ya hadithi, moja ndo kwanza inaanza sentensi nyingine iko katikati ya neno.

Muziki huu wa house na techno umepangwa kwa hesabu. Biti nne zinafanya baa moja, baa nane zinafanya frezi, yani biti 32, na mtengenezaji akitaka kuleta kitu kipya, iwe besi, iwe sauti ya mtu, iwe kukata ngoma zote ibaki kinanda, mara nyingi sana analeta mwanzoni mwa hiyo 32 mpya. Fanya hivi leo, usiguse kontrola. Weka wimbo mmoja, kaa chini, hesabu kwa vidole: moja mbili tatu nne, mbili mbili tatu nne, tatu mbili tatu nne, mpaka nane mbili tatu nne. Ukirudi kwenye moja utasikia kitu kimebadilika. Hi-hat, ile "tsi tsi" ya ngoma, imeingia, au kofi, au vimetoka. Ukishasikia hicho kitu mara moja hutaweza tena kuacha kukisikia, hata ukiwa kwenye matatu utajikuta unahesabu, abiria wakuone chizi.

Sasa rudi kwenye kontrola. Wimbo A uko mwishoni, mwimbaji kashaondoka, zimebaki ngoma na besi. Wimbo B umeuweka CUE, yani alama ya pa kuanzia, kwenye biti yake ya kwanza kabisa, sio karibu nayo, kwenye yenyewe. Ile LOW ya B, kitasa cha besi, izungushe mpaka chini, besi yake ife. Hesabu A. Inapofika "nane mbili tatu nne", kidole kiko juu ya PLAY, na kwenye moja unaachia. Hapo hedifoni sikio moja tu, lingine liko wazi linasikia spika. Kama biti zimeanza kuachana sukuma sahani ya B kidogo mbele, ikizidi kuharibika basi ulitakiwa kurudisha nyuma, hakuna siri nyingine. Ikikaa, panda fada ya B taratibu, watu watasikia vitu vidogo vya juu vinaingia bila kujua vimetoka wapi. Acha itembee biti 32, kwa spidi yako ya 124 hiyo ni kama sekunde 15 na nusu, na kwenye moja inayofuata mikono yote miwili kwa pamoja, LOW ya A inashuka LOW ya B inapanda. Ukumbi mzima utahisi sakafu imebadilishwa. Afu ndo unaanza kumtoa A polepole, hana tena la kusema.

Na hapo ndo penye kinu chako. Besi mbili na kiki mbili (ule mdundo mzito wa ngoma) hazikai pamoja, nguvu nyingi ya wimbo iko huko chini, zikikutana mbili zikipishana hata kidogo zinapigana, mara zinavimba mara zinamezana, na taa za mixa zinaenda nyekundu. Mwenye nyumba ya chini ni mmoja kwa wakati mmoja. Madoido mengine yote, reverb, echo, loop, yaache yakusubiri, mwambie kakako nimesema hivyo.

Tena usijifunzie kwenye Bongo Flava au gengetone kwanza. Sio kwamba ni mbaya, ni kwamba nyimbo za redio zinaanza kuimba sekunde ya tano na zinaisha ghafla, hazina mlango. House imetengenezwa na watu wanaojua itachanganywa, ndo maana inakuja na dakika nzima ya ngoma tupu mbele na nyingine nyuma. Huo ndo mlango.

SWALI: Anko, hapa kijiweni Dodoma tunabishana. Mi natumia kitufe cha SYNC, kile kinacholinganisha spidi za nyimbo chenyewe, jamaa anasema hiyo ni wizi, DJ wa kweli analinganisha biti kwa sikio. Nani kashinda?

ANKO: Hakuna. Anayecheza sakafuni hajali ulibonyeza nini. Jamaa yako anatetea heshima ya watu kama Frankie Knuckles, ambaye kuanzia 1977 alikuwa anapiga kwenye klabu ya Warehouse pale Chicago, na house yenyewe inasemwa imechukua jina kwenye hiyo Warehouse, wakati huo SYNC hakuna, ni santuri mbili na mikono. Deki za Technics SL-1200MK2 za 1979 zilikuja na fada ya spidi ya kuongeza au kupunguza asilimia 8, na madijei wa vizazi na vizazi wakaishi humo. Heshima yao ipo. Lakini Knuckles watu hawakumfuata kwa sababu ya fada, walimfuata kwa sababu alijua wimbo gani saa ngapi.

Ila we mwenye SYNC usitambe bado. Kompyuta inakisia. Inaweza kusoma wimbo wa 174 ikaandika 87, inaweza kuweka ile mistari ya biti nusu hatua pembeni ukaibonyeza SYNC ikakupeleka shimoni kwa ujasiri wote. Na jaribu siku moja kuiwekea muziki wa dansi wa zamani au taarabu iliyopigwa na watu wazima kwa mikono yao, spidi inapumua, inapanda wakifurahi, SYNC hapo inabaki inatapatapa. Kwa hiyo jifunze sikio kwanza hata wiki chache, ficha namba za BPM kwa kigamba cha karatasi kwenye skrini, afu baada ya hapo bonyeza SYNC bila aibu, mikono ikipata nafasi itafanya kazi nyingine.

SWALI: Mkuu vipi, mi ni mtu wa singeli, Tandale damu. Nataka niwe natoka amapiano naingia singeli kwenye seti moja ila nikijaribu wimbo unakuwa kama kasuku kameza gesi. Inawezekana kweli?

ANKO: Inawezekana na ni rahisi kuliko unavyofikiria, tatizo lako unavuta spidi badala ya kupiga hesabu. Amapiano nyingi ziko kwenye 112 hivi. Singeli inaanzia kama 200 inaenda mpaka 300 na wendawazimu wake. Sasa 112 mara mbili ni ngapi? 224. Tafuta singeli ya 220 mpaka 228 hivi, isogeze kidogo ifike 224, na biti moja ya amapiano inabeba biti mbili za singeli, zinatembea pamoja bila ugomvi. Unaiingiza singeli ikiwa haina besi, unasikia tu zile kelele za juu zinachemka juu ya log drum, ile besi ya kugonga ya amapiano, watu wanaanza kuangaliana, afu kwenye moja unakata amapiano unaachia. Kigodoro kitapasuka.

Kinachokuharibia ni kuvuta mbali. Hata house ya 124 ukiishusha mpaka 112 umeivuta karibu asilimia 10, na kila kama asilimia 6 unakuwa umehamisha sauti nusu toni nzima. Kuna kitufe cha kufunga ufunguo wa sauti usibadilike, kinasaidia kwa kuvuta kidogo, ukivuta sana kinaanza kutoa maji maji. Na usione aibu kupiga singeli mbele ya watu wa house, wenzako wa studio ya Sisso ya hapa hapa Dar kazi zao zilitoka 2017 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala na wazungu wa techno walibaki midomo wazi, walikuwa wanadhani wao ndo wana kasi.

SWALI: Habari kaka. Mimi ni mama wa Arusha, mwanangu ana miaka 16, kila akitoka shule hedifoni masikioni anasema anajifunza udijei. Simkatazi, lakini naogopa masikio yake. Niogope?

ANKO: Nzuri dada yangu, na ahsante kwa kutomkatazia. Ogopa kidogo, kwa akili. Kiwango ambacho watu wa usalama kazini Marekani, NIOSH, wanakitumia ni desibeli 85 kwa masaa 8, na kila ukiongeza desibeli 3 muda unakatwa nusu: 88 masaa manne, 91 mawili, 94 saa moja, 97 nusu saa, 100 robo saa. Sasa klabu inafika 100 bila hata kujitahidi, piga hesabu. Na sikio la ndani likishakufa halioti tena kama nywele.

Mnunulie hedifoni zinazofunika sikio zima zikaziba kelele za nje, maana mtoto anaongeza sauti kwa sababu anashindana na kelele za nyumbani, ukiziziba hana sababu. Afanye mazoezi spika zikiwa sauti ya mazungumzo, kama hamsikilizani mkiwa mezani basi ni kubwa. Na masikio yakipiga filimbi baada ya kumaliza, hiyo sio kawaida hata kama madijei wakubwa wanaichekea, apumzike siku hiyo. Akianza kwenda kwenye sherehe avae viziba sikio vya wanamuziki, pamba haisaidii kitu. Klabu asubiri umri, ila mwambie ajirekodi seti ya nusu saa kila wiki na akae nayo aisikilize kesho yake, kwa sauti ya chini, ndo atajijua.

SWALI: Anko mi ni msichana wa Mwanza, kila sehemu ninayoenda kuomba kujifunza wananiambia nikae mlangoni nikate tiketi. Nifanyeje?

ANKO: Usikate tiketi za mtu, labda wakulipe. Vuka ziwa kwa macho kwanza, mtafute mtandaoni DJ Rachael wa Uganda, kaanza zamani kweli wakati hao wanaokupeleka mlangoni wako vidudu, na ana Femme Electronic yake inayofundisha na kuwasukuma madijei wa kike. Waandikie. Na jifunzie nyumbani kama nilivyomwambia mdau wa Mbagala hapo juu, afu uende na rekodi sio na ombi. Mtu akisikia dakika 30 zilizonyooka mdomo wa mlangoni unafunga.

SWALI: Niaje Anko. Mi niko Umoja, Nairobi, nimejifunza na kontrola ya beshte yangu. Sasa nimepata slot ya kufungua klabu, saa tatu hadi saa nne usiku, lakini wako na CDJ, zile deki za klabu za kuchomeka flashi, na mixa yao, wanasema nikuje na flashi pekee. Naogopa vibaya. Nisaidie bana.

ANKO: Tulia kijana, hiyo ni habari nzuri. Anza na flashi. Chukua ya GB 32, format FAT32 (ni aina ya mpangilio wa flashi, unaichagua unapoiformat), maana CDJ nyingi za zamani hazisomi exFAT wala NTFS na utasimama pale mbele ya watu skrini imeandika haioni kitu, na Windows nyingi kwa njia ya kawaida hazikupi FAT32 ikizidi hiyo 32. Nyimbo zipitishe kwenye rekordbox, programu ya kuziandaa kwa ajili ya CDJ, toleo la bure linatosha kuziweka kwenye flashi, ukifanya hivyo CDJ itakuonyesha pleilisti zako, wimbi la wimbo na alama ulizoweka. Tengeneza flashi mbili zinazofanana kabisa. Mbili, sikia, moja mfuko huu nyingine mfuko ule.

Nyimbo ziwe za kununua au za kupewa na mwenyewe, MP3 ya 320 (kbps, kipimo cha ubora) au WAV, tovuti za kununua kama Bandcamp na Beatport zipo. Ile ya kuvuta YouTube kwenye hedifoni huoni tofauti, kwenye spika kubwa za klabu besi inakuwa kama imefunikwa blanketi na hi-hat zinakwaruza, na hata ukiibadilisha ikaandikwa 320 haijarudisha kilichokatwa, umekuza faili tu.

Waombe wakuruhusu uje alasiri uguse mixa nusu saa, wengi hawakatai ukiomba kwa adabu, na ongea na fundi sauti wao umjue jina. Kwenye mixa angalia TRIM, kitasa cha kiwango cha sauti inayoingia, taa za kijani na chungwa kidogo, nyekundu hapana, ukitaka sauti zaidi mwambie fundi sio TRIM.

Afu kuna jambo ambalo wanaofungua wengi wanaharibu. Saa tatu watu wanaingia, wanatafuta viti, wanaagiza, wanasalimiana. We usije na mabomu. Anza kama 118, 120, vitu vya joto vyenye besi ya mviringo, deep, afro house isiyopiga kelele, watu watikise kichwa bila kujua. Zile nyimbo kubwa za wiki hii waachie wanaokuja nyuma yako, ukizimaliza saa tatu na nusu DJ mkubwa atakuja kukuta meza imeshaliwa na hutaitwa tena, na hii sio kitu cha kuambiwa, utaona tu simu haiiti. Muulize anayekupokea anaanzia spidi gani, kama ni 122 usimwachie 130. Sakafu ikibaki nusu tupu saa yote hiyo usitokwe jasho, kazi yako ni wasiondoke, sio waruke.

Ukitaka kuendelea zaidi, hapo hapo Nairobi kuna Santuri, wana akademia yao ya muziki wa elektroniki, udijei na kutengeneza ngoma, wasake.

Siku yenyewe ukimaliza usichomoe flashi kwa furaha. Shikilia kitufe cha USB STOP mpaka taa izime ndo uchomoe, na hakikisha deki ya mwenzako haisomi kwenye flashi yako kwa waya wa mtandao, maana CDJ zinashirikiana, ukichomoa yako na yeye kaanzia wimbo wa kwako, klabu nzima inanyamaza na wote wanakuangalia wewe.